Tairi za tyubulesi kwenye safari ya Usambara: uzoefu wangu

Kama mnapanga safari ya siku kadhaa ya baiskeli za milimani kutoka Mombo kupitia Soni, Lushoto na Lukozi hadi Mtae, kisha mteremke Mnazi upande wa Hifadhi ya Mkomazi, wekeni tairi za tyubulesi, yaani zisizo na tyubu ndani. Kule juu ni udongo mwekundu na mawe, pancha si nyingi. Kazi iko chini tambarare, kwenye mbigili na miiba ya migunga. Tairi yenye tyubu huokota miiba mitatu minne kwa mpigo, na kwenye kundi pancha ya mmoja inawasimamisha wote juani.

Ndani ya tyubulesi kuna dawa ya pancha, ule mpira wa majimaji. Ukiinamia gurudumu baada ya kupita mbigili utaona miiba imejikita kati ya meno ya tairi, na pembeni ya kila mmoja tone jeupe linatoa povu, kisha linaganda. Usiing'oe hapo hapo, kwa sababu mwiba wenyewe unasaidia kuziba. Ng'oa jioni, mmoja mmoja, na kila tundu uligeuzie chini ili dawa ilifikie.

Kwa gurudumu la inchi 29 na tairi ya upana wa 2.4, mimi naweka mililita 100 hadi 120 kila tairi. Joto hukausha dawa, na kwenye nchi ya joto isikushangaze ikiisha ndani ya miezi miwili mitatu. Hapa ndipo watu wengi wanapoumia: tairi ilifungwa zamani, ndani mmebaki utando mkavu, halafu wanasema tyubulesi haifai. Kabla ya safari tikisa gurudumu karibu na sikio. Usiposikia maji, ongeza.

Upepo nao una kiasi chake. Mtu wa kilo 75 mwenye mizigo ya kilo kumi hivi, PSI 23 mbele na 27 nyuma zinamtosha. Ukipunguza sana, kwenye kona kali za kushuka kutoka Mtae tairi hujikunja na kucheua hewa pembeni ya rimu. Ukizidisha, unateleza kwenye kokoto.

Dawa haizibi kila kitu. Tundu la zaidi ya milimita 5 au 6 linataka utambi wa mpira unaosukumwa kwa sindano yake, bila kuvua tairi. Jiwe likichana ubavu, shona kwa uzi mgumu, weka ndani kipande cha tairi kuukuu, kisha tyubu. Ndiyo, tyubu bado inabebwa: angalau mbili kwa kundi, na ni vizuri wote mkiwa na magurudumu ya saizi moja. Kabla ya kuiingiza, papasa ndani ya tairi yote kwa kitambaa na kung'oa kila ncha ya mwiba. Ukiruka hatua hii, tyubu mpya haimalizi kilomita moja.

Msitegemee maduka ya njiani kwa tyubu. Mafundi wa vijijini wana mikono mizuri, ila tyubu walizonazo ni za baiskeli za kawaida, na mdomo wake mnene wa kujazia upepo hauingii kwenye tundu la rimu iliyotobolewa kwa mdomo mwembamba. Kwa sababu hiyo hiyo bebeni kiunganishi kidogo cha shaba cha kuvalisha mdomo mwembamba uwe mnene kama wa gari: tairi ikitoka kwenye rimu, pampu ya mkono mara nyingi haiirudishi, wakati kompresa ya kituo cha mafuta inaipandisha mara moja ukipaka maji ya sabuni. Kompresa zenyewe zimetengenezewa mdomo wa gari.

Mitungi midogo ya kaboni dayoksaidi siipendekezi, maana baadhi ya dawa huganda ikikutana nayo. Bora pampu nzuri, na koki mbili za akiba za mdomo wa tairi, kwa kuwa dawa huziziba.