Sindano sina neno nazo, ila huyo binti wa mapokezi!

Nianze na sindano zenyewe, zile za tiba ya Kichina (akyupancha), nisije nikawadhulumu. Presha ninayo miaka, amlodipini nameza kila asubuhi, na pale kliniki ya sindano, Area D hapa Dodoma, nilifuata usingizi na shingo iliyokaza kama gogo. Mtaalamu akafungua pakiti mbele yangu, visindano vyembamba kama unywele, akanichoma kwenye kiwiko, chini ya goti, na pale kati ya kidole gumba cha mguu na jirani yake. Maumivu hakuna, unasikia uzito fulani unavuta, basi. Nusu saa nakoroma. Usiku nikalala mpaka jogoo.

Sasa mara ya tatu. Kipindi kile cha upepo wa Dodoma, nimevaa sweta zito, nimepanda ngazi nahema. Binti wa mapokezi, shikamoo hana, macho kwenye simu, akanifunga mkanda wa mashine ya presha juu ya sweta, nimesimama, huku ananidai salio. Mkanda mdogo, mkono wangu mnene, unaachia anaubana tena. Ikasoma 178 kwa 104.

Akapaza sauti: "Mama, hizo dawa za hospitali zinakudanganya! Achana nazo, sindano zinatosha."

Jamani! Pale kwenye benchi bibi mmoja akafungua pindo la kanga, akatoa vidonge vyake, akabaki anavitazama. Hapo ndipo presha ilipopanda kweli.

"Mwanangu, lete mkanda mkubwa." Ulikuwemo kwenye droo, bado uko ndani ya nailoni! Nikavua sweta, nikaegemea kiti, mkono mezani usawa wa moyo, dakika tano kimya, kama nesi wa kliniki alivyonifundisha. 142 kwa 88. Eti, "mashine hizi nazo." Mashine!

Mtaalamu akatoka, akaomba radhi, akamwambia bibi vidonge asiache hata siku moja, sindano ni za kusaidia tu. Vizuri. Lakini huyo binti si wake? Na mimi sidanganyi mtu: presha yangu haijashuka kwa sindano, nilichopata ni usingizi.

Niliapa sirudi. Halafu shingo ikakaza tena, juzi nikaenda, na gauni la mikono mifupi kwenye baridi ileile. Binti hakuinua macho. Ila mkanda mkubwa ulikuwa mezani.