Uzoefu wangu na kalamu ya Bic Cristal

Nimeitumia kalamu ya Bic Cristal kwa miaka mingi, katika barua, fomu na madaftari, na kadiri ninavyoichunguza ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba hakuna sehemu yake iliyowekwa kwa ajili ya pambo tu. Ilianza kuuzwa nchini Ufaransa mwaka 1950 na kampuni ya Marcel Bich, aliyekuwa amenunua haki za kutumia uvumbuzi wa László Bíró, mzaliwa wa Hungaria aliyebuni kalamu ya kisasa yenye gololi kwenye ncha, na tangu hapo umbo lake limebadilika kidogo sana.

Mwili wake una pande sita kama penseli, kwa hiyo vidole hupata mahali pa kutulia, na kalamu ikilazwa mezani haibingiriki ovyo. Plastiki yake inapitisha mwanga, hivyo mtu huona wino uliobaki kabla haujamwishia katikati ya sentensi. Ubavuni kuna kitundu ambacho ni rahisi kukidhania kasoro ya kiwandani, kumbe kazi yake ni kupitisha hewa ili mgandamizo wa ndani ulingane na wa nje, wino uendelee kushuka vizuri. Tundu jingine, lililo kwenye ncha ya kifuniko, liliongezwa mwaka 1991 ili mtoto akipaliwa na kifuniko hicho, hewa ipate pa kupita. Hilo hunigusa kuliko yote, kwa kuwa linamjali hata yule asiyejua bado kuandika.

Gololi ya kwenye ncha, ambayo katika aina ya kawaida ina kipenyo cha milimita 1, ni ya kabidi ya tungsteni, kitu kigumu mno, nayo huzunguka ikiupaka wino mzito kwenye karatasi kwa mstari ulio sawasawa. Jumba la makumbusho la MoMA mjini New York limeiweka kalamu hii katika hazina yake ya kudumu, na kwa maoni yangu inastahili kabisa, kwani uzuri wake unatokana na kazi yake yenyewe.

Ninaipendekeza kwa yeyote anayeandika kwa mkono kila siku. Hata hivyo, kwa kuwa mwili wake ni mwembamba na mgumu, mwenye maumivu ya viungo vya vidole atafaa zaidi kutafuta kalamu nene yenye mpira mahali pa kushikia.