Bustani ya wanaojitolea: msiikimbie ile kona ya nyuma

Nyota 4 kati ya 5. Naanza na kile ambacho wageni wengi wanakilalamikia, ile kona yenye majani marefu na magogo yanayooza, mtu akiiona anasema hawa wamechoka kulima, jamani hapana, imeachwa makusudi kwa ajili ya wadudu na wanyama wadogo, na kwangu mimi ndo sehemu iliyofikiriwa vizuri kuliko zote humo ndani.

Angalia kidimbwi tu. Upande mmoja wameutengeneza mteremko wa mawe ili mnyama akitumbukia atoke mwenyewe asife maji, wanajaza maji ya mvua kutoka kwenye tanki, na samaki hamna hata mmoja maana angemaliza viluwiluwi wote, na hao vyura ndo wanaokula wadudu huku kwenye mboga. Pembeni kuna kipande cha udongo mtupu kinapigwa jua, ukiuliza mbona hakijapandwa kitu unaambiwa ni cha nyuki. Na ni kweli, duniani kuna spishi zaidi ya 20,000 za nyuki na nyingi hazijui mzinga, kila jike anajichimbia kishimo chake chini, sasa ukifunika kila mahali kwa matandazo wanaenda wapi?

Upande wa kulima nao uko poa. Matuta yameinuliwa kwa mbao, upana kama mita 1.2 hivi, unafikia katikati kutoka pande zote mbili bila kukanyaga udongo, halafu machache yako juu zaidi kwa ajili ya wanaotumia viti vya magurudumu na njia zake ni pana kweli sio za kuigiza. Mboji wanatengeneza wenyewe na hainuki, yaani majani makavu hayapungui na wanaigeuza. Dawa za kuua wadudu hawapigi. Wenyeji ni wakarimu, hakuna anayekuhoji kama unajua kulima, unapewa jembe tu unaanza.

Sasa ile nyota moja. Zamu ya kumwagilia ni vurugu, inatumwa kwenye grupu la simu halafu inafukiwa na salamu na picha za maua, mwisho wa siku wanaomwagilia ni wale wale. Kuna matuta pia yameshikwa na watu wasioonekana, magugu yanatoa mbegu yanamwagia jirani, na wakati huohuo kuna foleni ya wanaosubiri nafasi, hapo wanaoneana aibu mno, wangeweka muda, usipoonekana tuta anapewa mwingine basi.

Kingine kidogo, ile nyumba ya wadudu ya mianzi ukutani, matundu mengine yana ukungu na hao nyuki wanaozaliana humo watapata magonjwa, kubadilisha hiyo mianzi ni kazi ya mtu mmoja asubuhi moja, sijui kwa nini nayo haimo kwenye zamu.