Seti ya chipu 500 na usiku wetu wa poka: uzoefu wangu baada ya miezi minane

Niseme mapema: sisi si wacheza kamari. Ni watu saba, wakati mwingine sita, tunaokutana kila baada ya wiki mbili, na kiingilio chetu ni kidogo kiasi kwamba anayekipoteza hana cha kuficha akirudi nyumbani. Na hapo hapo ndipo tatizo lilipokuwa. Pesa ikiwa ndogo mno, hakuna anayeogopa. Mtu kashika 9 na 4 (kila mmoja anapewa karata mbili, na tano za wote zinafunguliwa mezani), anafuata, yaani analipa dau aendelee. Unapandisha dau, anafuata. Unapandisha tena, anafuata huku macho yake yapo kwenye simu. Mkwara, yaani kujifanya una karata kali ili wengine watupe zao, haupigiki kwenye meza ambayo hakuna anayetupa karata, na poka bila mkwara ni kugawiana karata tu kwa zamu.

Dawa ya kwanza tuliyojaribu ilikuwa ya kijinga. Tuliongeza kiingilio mara nne. Usiku ule meza ilinyamaza kama chumba cha mtihani. Jirani yangu, ambaye ndiye mchekeshaji wetu, alitoka wa kwanza, akaaga kwa adabu, na vikao viwili vilivyofuata akawa "kabanwa na kazi". Tukarudisha kiingilio pale pale kilipokuwa. Mimi nikaanza kutafuta njia nyingine, na ndipo nilipoagiza seti hii ya chipu, vile visahani vya kuwekea dau badala ya pesa.

Kwenye kasha wameandika kwamba chipu ni za udongo. Si udongo. Ni plastiki ngumu iliyofunika kisahani cha chuma, na ukiigonga mezani unasikia chuma kinavyojibu. Tangazo linasema gramu 11.5 kwa kila moja. Nilipanga kumi kwenye mizani, ikasoma 115, kwa hiyo hapo hawakudanganya. Ila uzito wenyewe usikuzuzue, maana chipu nyingi za kasino ni nyepesi kuliko hizi, kama gramu 8 hadi 10. Uzito unauza tu. Mpya zina utelezi wa mafuta, ukipanga ishirini mnara unaanguka wenyewe. Nilizifuta moja moja kwa kitambaa chenye maji na sabuni, kazi ya jioni nzima, na tangu hapo zinasimama.

Lakini mlio wake! Awali tulikuwa tunachezea njiti za kiberiti na vifungo vya nguo. Shemeji yangu alikuwa anasukuma njiti kwa kiganja, bila kuhesabu, kama anayefagia makombo. Usiku wa kwanza wa chipu nilimtazama: alichukua tatu, akazigonganisha mkononi, akaziweka moja juu ya nyingine mbele yake, akatulia, kisha akairudisha moja. Pesa iliyokuwa nyuma ya chipu zile ilikuwa ile ile ya njiti. Akaniambia, "Shemeji, hizi zinauma kutoa." Nikajua hela yangu haijapotea.

Jambo lililoniudhi mwanzoni na sasa ndilo ninalolisifu zaidi: hazina namba. Nilidhani nimeuziwa seti pungufu. Kumbe zile zenye namba 1, 5, 25, 50 na 100 zinakufunga. Zisizo na namba unazipa thamani unayotaka, unaandika kwenye kikaratasi kimoja, unakiweka katikati ya meza. Sisi nyeupe ni 25, nyekundu 100, kijani 500, nyeusi 1,000. Kila mtu anaanza na nyeupe 8, nyekundu 8, kijani 4 na nyeusi 2. Jumla 5,000 kamili. Ukipiga hesabu, hizo ni chipu 22 kwa kichwa, yaani 154 kwa watu saba. Sasa 500 nilizinunua za nini? Seti ya 300 ingetutosha na kubaki. Ya 500 ni karibu kilo sita, na za bluu sijawahi hata kuzitoa kwenye safu yake.

Hata hivyo chipu peke yake zisingetufikisha mbali. Kilichobadilisha usiku wetu ni kuacha kucheza "ukiishiwa ongeza" na kuanza kucheza kwa mtindo wa mashindano: kiingilio kimoja, 5,000 zako, zikikuishia umetoka. Hapo chipu inakuwa ni uhai wako mezani, na uhai hauna bei ndogo. Wapenzi wa poka wanamkumbuka Chris Moneymaker, yule mhasibu wa Marekani aliyepata nafasi yake kupitia mchujo wa mtandaoni wa dola 86, akaenda Las Vegas mwaka 2003, akawashinda watu 838 na kuondoka na dola milioni 2.5. Sisi tunashindania vijisenti, lakini kile kifua kinachobana ukibaki na chipu sita nadhani ni kile kile.

Mashindano yanahitaji saa. Nilipakua programu ya bure kwenye simu inayohesabu muda na kupandisha dau la lazima (lile ambalo watu wawili kwa zamu wanaweka kabla ya karata kugawiwa, mmoja dogo na mwingine kubwa), nikaiegemeza mahali kila mtu anaiona. Kwanza niliweka dakika 10 kwa kila ngazi, na nikaharibu. Dau la lazima lilipanda haraka kuliko akili zetu. Kufikia dakika ya hamsini kila mtu alikuwa anasukuma zote mezani kwa kubahatisha, ikawa bahati nasibu. Sasa ni dakika 20. Tunaanza 25 kwa 50, halafu 50 kwa 100, 75 kwa 150, 100 kwa 200. Hapo tunasimama kidogo, nyeupe zote zinabadilishwa na kuondolewa mezani, kisha 200 kwa 400 na kuendelea. Ukianza na 5,000 wakati dau kubwa la lazima ni 50, una pumzi ya kutosha kutupa karata mbovu nusu saa nzima. Mchezo wa watu saba unatuchukua saa mbili na nusu, ukichelewa sana saa tatu. Na king'ora cha ngazi mpya kikilia, meza nzima inakaa wima. Sijui kwa nini king'ora cha simu kinafanya kazi hiyo, lakini kinafanya.

Kasoro ya mashindano ni aliyetoka mapema. Jirani (alirudi, usijali) alitolewa dakika ya ishirini na tano siku ya kwanza, akakaa kwenye kochi akituangalia kama mtoto aliyenyimwa kucheza. Tukaweka sheria kwamba unaweza kununua 5,000 nyingine mara moja tu, kabla ngazi ya nne haijaisha. Baada ya hapo ukitoka, unakuwa mgawaji, na mgawaji ana ruhusa ya kuchokoza wote bila kujibiwa. Jirani sasa nahisi anatoka makusudi.

Kisha zile chipu za ziada zikapata kazi. Kila mtu anapewa nyeusi moja yenye alama ya rangi ya kucha, hiyo ni "kichwa" chake, haichezwi. Ukimtoa mtu, unachukua kichwa chake, na mwisho wa usiku kila kichwa kinalipwa sehemu ya kiingilio. Nusu ya kiingilio tunaitenga kwa vichwa, nusu kwa washindi wawili wa mwisho. Matokeo yake mtu mwenye chipu chache, ambaye zamani hakuna aliyemjali, sasa anawindwa na meza nzima.

Ila kama ungenilazimisha kuchagua sheria moja tu, ningechagua ya 7 na 2. Hizi ndizo karata mbili zinazosemwa kuwa mbovu kuliko zote za kuanzia. Sheria ni kwamba ukishinda chungu, yaani chipu zote zilizowekwa katika mgao, ukiwa na 7 na 2 za aina tofauti, kila mtu anakupa chipu ya 100. Nafasi ya kugawiwa ni kama mara 1 kati ya 110, kwa hiyo kwa watu saba kuna mtu kaishika kila baada ya migao 15 au 16. Anayesubiri ree mbili anasubiri kwa wastani migao 221, na usiku wetu wote hauna migao mingi hivyo. Kwa maneno mengine, mkwara umepata mshahara.

Wiki ya tatu nilikuwa na 10 mbili mkononi. Zikafunguliwa mezani mfalme, mfalme na 9. Shemeji akaweka 300, nikafuata. Ikaja karata ya nne, 4, akaweka 800. Hakunitazama usoni, alikuwa anapanga kijani zake upya, taratibu, mnara mmoja, minara miwili. Nikafuata kwa shingo upande. Ya tano ikaja 5. Akasukuma zote. Nikahesabu, nikajikuna, nikamwambia, "Shemeji, una mfalme wewe." Akasema, "Lipa ujue." Nikatupa. Akageuza 7 ya uru na 2 ya pau, akanyoosha kiganja: "Haya, mia mia zenu." Kelele za usiku ule zilimwamsha mtoto. Kuna karata nyingine duni yenye heshima yake: 10 na 2 inaitwa kwa jina la Doyle Brunson, kwa sababu ndiyo aliyotwalia ubingwa wa dunia mwaka 1976 na tena 1977. Tangu usiku ule, kwetu 7 na 2 inaitwa "shemeji".

Mengine tuliyojaribu hayakushika sana. Kuna ule mgao ambao kila mtu anatia chungu kiasi sawa, hakuna dau la kwanza, mnaenda moja kwa moja kwenye karata tatu za mezani. Mara moja kwa saa unachangamsha, zaidi ya hapo unachosha. Omaha, ile ya karata nne mkononi, ilileta ugomvi, maana sheria inataka utumie mbili kamili za mkononi, na kila mara kuna mtu aliyeshangilia kwa kopa moja mkononi na nne mezani, akidhani ana tano za aina moja.

Sasa malalamiko. Pakiti mbili za karata zilizokuja na seti ni za karatasi, na ni aibu. Ree ya shupaza ilikunjika pembe siku ya pili. Kikao cha tatu binamu yangu aliniangalia mkononi, akatupa jozi yake mezani: "Aa, ree ya shupaza hiyo, mimi simo." Alikuwa sahihi. Nikanunua pakiti mbili za plastiki tupu zenye migongo ya rangi tofauti, moja inachangwa wakati nyingine inagawiwa. Hazikunjiki, zinaoshwa kwa maji, na mchezo umekuwa mwepesi kiasi kwamba tunapata migao mingi zaidi kwa saa ile ile. Upana wa milimita 63 ndio wa kawaida wa poka. Zile nyembamba za 57 ni rahisi kuchanga kwa mwenye mikono midogo.

Sanduku la alumini nalo ni la kupigia picha. Komeo moja liling'oka mwezi wa pili, mpini ukalegea mwezi wa nne. Muuzaji aliniahidi jingine, nalisubiri mpaka leo. Kwa sasa nalifunga kwa mkanda wa suruali.

Naipa nyota nne. Ukitaka kununua, chukua ya 300 isiyo na namba, karata zake mpe mtoto achoree, na mkanda andaa mapema.