Mtego wa viluwiluwi vya chura wa miwa: nyota nne kati ya tano

Ndugu zangu mnaokaa Queensland, Australia, na mna bwawa nyuma ya nyumba, mtego huu nunueni. Mimi nakaa Cairns, si mbali na Gordonvale, ambako vyura wa miwa waliachiwa mwaka 1935 baada ya kuletwa kutoka Hawaii, eti wawale mbawakawa wa mashamba ya miwa. Mbawakawa hawakuisha. Vyura walisambaa hadi Darwin, wakavuka mpaka wa Australia Magharibi. Kenge wa huku wakiwala hufa kwa sumu, mbwa vilevile, na inaniuma.

Mtego ni sanduku la plastiki lenye milango mipana nje, myembamba ndani, kama dema la kuvulia samaki. Siri iko kwenye chambo: kimetengenezwa kwa sumu ya vyura hao hao. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Queensland na wenzao wa Sydney waligundua kwamba viluwiluwi wa aina hii huifuata sumu hiyo kwa sababu imo kwenye mayai mapya, nao huyala mayai hayo wasipate washindani bwawani. Viluwiluwi wa vyura wa asili hawavutwi nayo, na kwangu hilo ndilo la maana kuliko yote. Niliuweka asubuhi penye jua na maji ya kina kifupi. Mchana sanduku lilikuwa jeusi tii kwa viluwiluwi. Wa asili walioingia walikuwa wachache mno, nikawarudisha majini.

Sanduku unanunua mara moja, lakini chambo kinakula hela, maana kesho yake nguvu imeshapungua. Kwenye mfereji wa maji yanayotembea hakikunisaidia kitu.

Tena mtego haugusi mayai wala vyura wakubwa. Jike mmoja hutaga maelfu kwa mkupuo, nyuzi ndefu za ute zenye vidoto vyeusi. Zivuteni kwa reki zikauke juani. Wakubwa tunawaokota usiku kwa tochi na glovu, tunawapoza kwenye friji, kisha friza. Mzee jirani yangu alikuwa akiwapiga kwa fimbo ya gofu. Nilimsihi aache, na nawasihi nanyi: chura hakuomba kuletwa huku.

Chambo nunueni kabla ya mvua za Desemba. Ukisubiri dimbwi lijae, utakuta wameshaota miguu na kutoka.