Mashine ya kukata nyasi Nairobi: ipi ununue, ipi uiache dukani

Mashine ya kukata nyasi usiipime Februari. Februari nyasi za Nairobi zimekauka na kulala, hata mkasi wa jikoni unaziweza. Ipime Aprili, mvua imenyesha siku tatu mfululizo, nyasi za kikuyu zimefika kwenye kifundo cha mguu na kila jani limebeba maji. Hapo ndipo mashine nyingi zilizong'aa dukani huzima, na mwenye nyumba akabaki anavuta kamba huku jirani anachungulia juu ya ua.

Nyasi za kikuyu ni za kwetu. Asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, na zilipopelekwa Australia na California zilishika ardhi hivi kwamba kuna wanaozihesabu kuwa magugu. Hutambaa juu ya udongo na chini yake pia, ukizikata leo kesho zimeanza tena. Wapo waliopanda Pemba yenye majani mapana, wapo wa nyasi laini za kununua kwa mraba, lakini boma nyingi za jiji hili ni kikuyu tu, zilizopandwa au zilizojileta. Kwa hiyo nimepanga mashine hizi kwa kuangalia nyasi hizo, katika mwezi huo.

Kabla ya kwenda dukani, jua kiwanja chako. Ploti ya futi 50 kwa 100 inaonekana kubwa kwenye hati, lakini ukitoa nyumba, mahali pa gari, tangi la maji na kamba za nguo, unabaki na mita mraba mia moja hivi za nyasi. Mtu wa Buruburu au South C pengine hana hata nusu ya hizo. Aliye Karen au Runda kwenye nusu eka yuko kwenye biashara nyingine kabisa.

Halafu fanya hesabu ya kukodi. Masika, kuanzia katikati ya Machi hadi Mei, utakata kila wiki au kila siku kumi. Baridi ya Juni hadi Agosti hupunguza kasi, mara moja kwa wiki tatu inatosha. Vuli ikianza Oktoba unarudi mbio hadi Desemba, kisha Januari na Februari unapumzika. Jumla ni kama mara 25 kwa mwaka. Kijana anayekuja na mashine yake akikutoza shilingi 800, hiyo ni 20,000 kwa mwaka, na petroli, kisu na fundi ni shida zake. Akikutoza 300 kwa sababu uwanja wako ni kama mkeka, usinunue mashine yoyote.

Nafasi ya kwanza: ya petroli ya kusukuma, stroki nne

Kwa mwenye robo eka na zaidi, sina ushauri mwingine. Tafuta yenye bodi ya chuma au alumini, kisu cha upana wa sentimita 46 au 53, na injini ya cc 140 hadi 190. Stroki nne maana yake oili ina mahali pake na petroli mahali pake, huhitaji kuchanganya.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni mwinuko. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari na hewa ya huku ni nyepesi. Injini ndogo kama hizi hupoteza karibu asilimia 3.5 ya nguvu kwa kila mita 300 unazopanda kutoka pwani. Iliyoandikwa nguvu za farasi 5 kwenye boksi, hapa utapata kama 4. Isitoshe, kabureta iliyopangwa kwa ajili ya pwani hupeleka petroli nyingi mno kwa hewa iliyopo: moshi mweusi, plagi ya injini nyeusi, na mashine inakunywa mafuta kama mlevi. Vitabu vya Honda na Briggs & Stratton vinataja marekebisho ya kabureta kwa wanaoishi juu ya mita 1,500, kwa hiyo muulize muuzaji kama fundi wake anayajua. Asipoelewa unachosema, umeshapata jibu kuhusu huduma utakayopata baadaye. Na ukisitasita kati ya injini mbili, chukua kubwa.

Dukani, mwambie aiwashe mbele yako. Usikubali video ya simu. Ila hakikisha kwanza ametia oili, maana mashine nyingi hutoka kiwandani bila hata tone, na injini iliyowashwa kavu imekwisha kabla hujalipa. Vuta kamba wewe mwenyewe ukiwa umesimama wima. Ikikukwangua vidole kwenye mshikio kila ukivuta, itakukwangua kila wiki. Shika gurudumu moja ulitikise kushoto na kulia. Lenye beringi hukaa imara. La plastiki inayozunguka juu ya chuma kitupu hucheza tangu siku ya kwanza, na kwenye udongo mweusi wa Syokimau au Embakasi, unaonata kama ugali mbichi, halimalizi msimu.

Kisha uliza spea. Usiulize kama zipo, uliza ziko rafu gani. Kisu, chujio la hewa, plagi, kamba ya kuwashia. Nikiambiwa "tutakuagizia", mimi huaga. Afadhali mashine isiyo na jina kubwa ambayo kisu chake kinapatikana mjini, kuliko ya kifahari inayosubiri kifurushi kutoka ng'ambo huku nyasi zikifika magotini.

Kuna za mtumba pia, nyingine nzuri sana, na kila moja huja na hadithi: "Bosi, hii ni ya mzungu, imekata bustani moja tu." Sikiliza hadithi, halafu chomoa kofia ya plagi, ulaze mashine chujio la hewa likiangalia juu, uzungushe kisu pole pole kwa mkono uliovaa glavu. Angalia nafasi kati ya ncha ya kisu na ukingo wa bodi. Ncha zote mbili zikipita mahali pamoja, sawa. Moja ikipita karibu na nyingine mbali, yawezekana kisu kimepinda, na hicho hubadilishwa. Lakini huenda mashine iligonga jiwe na shafti yenyewe, chuma kinachozungusha kisu, imepinda, na shafti ikipinda hakuna bei nzuri. Ikiwashwa, moshi wa bluu usioisha ni injini inayokula oili. Wacha mwenyewe aendelee nayo.

Matunzo si mengi. Badilisha oili baada ya saa tano za kwanza za kazi, halafu kila saa 50 au mara moja kwa mwaka. Petroli ikikaa kwenye tangi zaidi ya mwezi huanza kuharibika na kuziba kabureta, kwa hiyo kiangazi kikiingia imwage au uiache injini iimalize.

Nafasi ya pili: ya stima, yenye waya

Kwa ploti ya 50 kwa 100 hii ndiyo ya kwanza, tusidanganyane. Bei yake kwa kawaida ni chini ya ile ya petroli, haina oili, haina plagi ya injini, haisumbui mtoto wa jirani aliyelala, na hata mama wa miaka sabini anaiwasha kwa kubonyeza. Chukua ya wati 1,400 hadi 1,800. Chini ya hapo, kikuyu ya Aprili itaifunga.

Shida yake ni waya na maji. Hukati nyasi mbichi za mvua na waya wa stima unaburuzwa nyuma yako, kwa hiyo wakati wa masika unasubiri jua la mchana likaushe majani, na saa hizo wewe uko kazini. Nunua waya wa kuongezea wa nje, wenye unene wa milimita mraba 1.5, si ule mwembamba wa redio, na uuchomeke kupitia swichi ya usalama ya miliampea 30, ile inayokata stima ikivuja. Anza kukata karibu na ukuta wenye soketi, ukielekea mbali, waya ukibaki upande uliokwisha kukatwa. Ndugu aliye Marekani akitaka kukutumia mashine, mwambie ya kule ni ya volti 120 na stima yetu ni 240. Itaungua siku utakayoipokea.

Nafasi ya tatu: slasha

Ndiyo, juu ya mashine zinazofuata. Kwa mia chache za shilingi unapata kitu kisichohitaji tokeni wala petroli, na kinakata nyasi zikiwa zimelowa, zimelala au zimefika kiunoni. Kamukunji mafundi wa jua kali huzitengeneza. Gonga bapa lake kwa kucha: chuma kizuri hulia, kibovu hunyamaza. Angalia pia mahali mpini unapoungana na chuma, kwa sababu hapo ndipo hukatika. Ongeza tupa ya kunolea. Anayejua kazi hii hanyanyui mkono juu kama anayepiga nyoka. Anazungusha kiuno, makali yanapita sambamba na ardhi, na kila baada ya muda anasimama anapitisha tupa mara tatu nne. Kiwanja hakitakuwa laini kama zulia, lakini kitakuwa kimekatwa.

Nafasi ya nne: braskata

Ni ile ya kuning'iniza begani, yenye mpini mrefu na kisu au uzi unaozunguka mwishoni. Hununuliwa sana, na naelewa kwa nini: ni rahisi kubeba kwenye bodaboda na kijana anaweza kutafutia riziki. Kwa mitaro, kingo za ukuta, miteremko na kiwanja kilichoachwa mwaka mzima haina mpinzani. Kwa bustani ya nyumbani ni kazi ya ovyo. Inaacha mabaka, hapa imenyoa hadi udongo, pale imeruka. Pia hurusha mawe. Ukiwa na gari uani au dirisha la kioo kirefu, fikiria mara mbili, na yeyote anayeishika avae miwani na viatu vya kufunika.

Nyingi ni stroki mbili, hivyo oili huchanganywa na petroli. Soma kitabu chake: uwiano wa 1 kwa 50 ni mililita 20 kwa lita, wa 1 kwa 25 ni 40. Ukikisia kwa kifuniko cha chupa utaua injini. Asiyetaka kuchanganya atafute ya stroki nne, kama zile zenye injini ndogo ya Honda GX35.

Nafasi ya tano: ya betri

Ni tulivu, haina waya, na ninaipenda. Lakini hesabu haidanganyi. Betri ya volti 36 na ampea-saa 4 ina wati-saa 144. Mota ikila wati 500, una dakika 17 hivi, na nyasi zilizolowa hula zaidi. Betri ya pili ni ghali mno, na miaka michache baadaye utahitaji nyingine ya aina ile ile. Inunue tu kama tayari una drili au vifaa vingine vinavyotumia betri hiyo hiyo.

Nafasi ya sita: ya silinda, ya kusukuma kwa mkono

Visu vyake viko kwenye silinda inayozunguka ukiisukuma. Edwin Budding aliibuni Uingereza mwaka 1830, na kwa nyasi fupi laini zinazokatwa kila wiki bado hukata safi kuliko zote, kama mkasi. Kikuyu ikirefuka hulala tu chini yake na kuinuka ikishapita.

Trekta dogo la kukalia sijaliweka. Mwenye eka mbili za nyasi ana mtu wa kumshauri.

Wakati wa kununua ni Januari na Februari, wauzaji wakiwa na nafasi ya kukuwashia na fundi akiwa na saa ya kukunolea kisu. Aprili kila mtu yuko kwa fundi na mashine yake iliyozima. Ukishachelewa, mlipe kijana wa braskata msimu upite, ukanunue Juni.