Pandemic: mnashinda wote au mnaumia wote

Mengine ya mchezo huu wa mezani mtayaona wenyewe mkifungua boksi. Mimi nataka kusema kuhusu namna karata zake zinavyochangwa, maana hapo ndipo Matt Leacock, aliyeubuni na kuutoa mwaka 2008, aliponishika.

Ubao una miji 48 na magonjwa manne, na nyote ni timu moja inayotafuta dawa zake kabla hayajawashinda. Kila zamu ikiisha mnafunua karata za miji, na kila mji uliotajwa unaongezewa mchemraba mmoja wa ugonjwa. Ukishakuwa na mitatu, wa nne hauwekwi: ugonjwa unalipuka na kumwagikia miji yote jirani. Milipuko minane, kwisha habari yenu. Sasa, ndani ya rundo jingine, la karata wanazovuta wachezaji, zimefichwa karata za janga, nne kwa wanaoanza, sita kwa wanaojitakia makubwa. Ikitoka moja, mnavuta karata ya chini kabisa ya rundo la miji, mji huo unapigwa michemraba mitatu papo hapo, kisha karata zote za miji zilizokwisha tupwa zinachangwa na kurudishwa juu. Juu, si chini! Yaani waliougua jana ndio watakaougua kesho.

Nafundisha hisabati, na hapa nilipata somo la uwezekano ambalo ubao mweusi haujawahi kunipa. Tuseme karata zilizorudishwa ni 12, Lagos imo na ina michemraba mitatu, na mnafunua mbili. Uwezekano wa kulipuka sasa hivi ni moja kwa sita. Zisingerudishwa, ungekuwa sifuri. Wanafunzi wanaokimbia hesabu za sehemu kama mwizi hubishana kwa sauti: twende Lagos au tumalizie dawa? Hakuna aliyewaambia wapige hesabu, lakini wanaipiga.

Jambo jingine linalowaudhi wanafunzi, na mimi linanifurahisha, ni kugawana karata. Dawa inataka karata tano za rangi moja mkononi mwa mtu mmoja. Ninazo tatu, wewe unazo mbili, tumekaa meza moja, lakini siwezi kukupa karata ya Kinshasa mpaka sote wawili tuwe tumesimama Kinshasa ubaoni. “Kwa nini, mwalimu, si timu moja?” Mwanafalsafa Bernard Suits aliona kwamba kucheza ni kujaribu kwa hiari kuvuka vikwazo visivyo vya lazima. Ondoa hicho kimoja uone: mchezo umekwisha kabla chai haijapoa.

Kasoro yake ni kubwa, tena inajulikana na kila aliyeucheza. Kwa kuwa wote ni timu moja na kila kitu kiko wazi, mjuaji mmoja anaweza kuwachezea wote. “Wewe nenda kule, wewe tupa hiyo,” na wenzake wanabaki kusogeza vipande tu. Kanuni hazimzuii. Hanabi, gemu ya karata ya Antoine Bauza, iliyotoka 2010, ilikata mzizi huo kwa kukufanya ushike karata zako zikiwatazama wenzako, usizione wewe. Kwenye Pandemic dawa ya mjuaji nimelazimika kuibuni mwenyewe: hakuna kutoa ushauri mpaka mwenye zamu auombe. Inafanya kazi, ingawa wajuaji huwa wanang'ata midomo.

Na msiununue kufundishia biolojia. Magonjwa yake hayana majina wala dalili, ni rangi tu, na dawa inapatikana kwa kukusanya karata. Ni mchezo wa kupanga na kukubaliana, umevaa koti la daktari.

Boksi linasema dakika 45. Kwa wageni wa mchezo ongezeni muda wa kutosha, hasa wa kupanga ubao. Wachezaji ni wawili hadi wanne. Darasani naweka wanafunzi wawili kwa kila nafasi, wakinong'onezana kwanza kabla ya kusema. Anzeni na karata nne za janga, na mtu wa kwanza mumpe kazi ya mganga: anafuta michemraba yote ya rangi moja mjini kwa hatua moja, wakati wengine wanaondoa mmoja mmoja.